Arobaini Waliomtoka Bahasha

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu. Mguu mmoja wa benchi umeungwa kwa kisigino cha buti, kwa hiyo mmoja akiinuka ghafla, wote tunayumba. Asubuhi ile tuliyumba sana, maana Bahasha hakutulia. Kazi yake ni kuandika barua pepe za duka la magodoro, moja kila Jumatatu, kwa watu walioandikisha anwani zao. Sasa watu arobaini wamejitoa kwenye orodha, na bosi kampa hadi Ijumaa. Wasiporudi, barua ataandika mpwa wa bosi. Karatasi ya majina alikuwa nayo mkononi, kaikunja mpaka imekuwa kama kiberiti.

Soli: Kaa basi, Bahasha! Kahawa inanimwagikia.

Bahasha: Nitakaaje? Leo Jumatano. Nimeandika "Tumekukumbuka." Nimeandika "Je, tumekukosea?" Kimya.

Soli: Akufukuzaye hakwambii toka.

Bahasha: Hawa wameniambia toka. Tena kwa kubonyeza.

Soli: Basi unaandika kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Watumie kila saa.

Mimi: Wamekimbia moja kwa wiki, uwape ishirini na nne kwa siku?

Soli: Kwani mtu akichoka kukimbia hakai?

Bahasha akainuka, akachungulia simu, akakaa, akainuka. Shahidi akakohoa kidogo. Tunamwita Shahidi kwa sababu hakuna jambo lililotokea duniani yeye asiwepo.

Shahidi: Niliona kwa macho yangu haya. Jamaa kajitoa kwenye orodha Jumanne, Alhamisi kitanda kikakatika katikati, yeye na mkewe chini puu! Waandikie hilo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Bahasha: Niwatishe wateja?

Shahidi: Unawajulisha tu.

Soli: Vitisho vya nini? Tia umbea, ndugu yangu. Barua ijifanye imepotea njia, kumbe ilikuwa ya jirani yake. Nani ataacha kusoma ya jirani?

Shahidi: Hilo dogo. Tangaza umekufa.

Benchi likayumba.

Bahasha: Nimekufa?

Shahidi: Juu andika "Tanzia." Hakuna anayeipita tanzia bila kuifungua. Ndani, magodoro.

Bahasha: Na Ijumaa wakinikuta hapa nakunywa kahawa?

Shahidi: Watajaa kuona muujiza, na wakijaa unawauzia. Wahenga walisema, kufa kufaana!

Tulicheka hadi machozi. Bahasha hakucheka. Pembeni alikuwepo muuguzi mmoja, kavaa kandambili, anasubiri Soli amalizie kushona viatu vyake vya kazini.

Muuguzi: Samahani, kaka zangu. Hiyo barua ya Jumatatu hii ilisemaje?

Soli akazamisha uso kwenye kiatu. Shahidi, ambaye hakuna asichokiona, akawa anatazama ndani ya kikombe chake. Bahasha alipopata ile kazi alianzia hapa hapa benchini. Tulimpa anwani zetu kwa shangwe, tukampigia na makofi. Mimi nilijitoa wiki ya tatu, nikiwa chooni, barua yenyewe hata sijaisoma. Siku zote nilidhani ni siri yangu peke yangu. Nilipowaona vile nikajua tuko watatu, na aibu ikanishika hasa.

Bahasha akakaa, akatulia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akaikunjua karatasi taratibu, akailaza juu ya goti bila kumtazama mtu.

Bahasha: Hawa watatu wa juu ndio waliotoka kwanza. Tangu juzi nakuja hapa nikitaka nianze na wao. Kwa nini walitoka?

Soli akainua chupa ya kahawa ammiminie. Ilikuwa tupu.