Papa Célestin na Kuku wa Mei Mosi

Papa Célestin Kalunga anastaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na moja kwenye kreni ya gati letu hapa Kalemie. Ilikuwa imebaki miaka minne afikie umri wa kupumzika. Sababu ya kuondoka mapema ni sisi wenzake, na afadhali isemwe hapa mwanzoni kuliko kunong'onwa sokoni.

Alizaliwa Mpala, akaja mjini kijana, akabeba magunia ya mahindi kabla ya kukabidhiwa kreni. Manahodha wa Moba walikuwa wakiuliza kwanza kama yuko zamu ndipo wafunge boti. Siku moja alishusha kengele ya kanisa, akaitua juu ya lori taratibu hata isilie. Padri alinuna kidogo, maana alitaka mji mzima uisikie.

Mwaka jana tulimchagua kuwa mfanyakazi bora, na karamu ya Mei Mosi ikawa yake. Kuku walikaangwa jana yake, wakafunikwa kwenye beseni za plastiki ndani ya biro, yaani ofisini, na umeme haukuwapo. Direktere alikuwa njiani, na kwetu hakuna anayegusa chakula kabla direktere hajaketi. Alifika saa kumi alasiri.

Firigisi na paja nono ni haki ya anayesherehekewa, naye habakizi. Papa Célestin alionja, akalinusa paja, akatutazama mmoja mmoja. Mama Francine, mkuu wa kamati ya sherehe, akapiga kigelegele: "Kula, Papa! Ukibakisha, unatutukana!" Tukapiga makofi mpaka sahani ikawa nyeupe. Mimi ninayeandika haya nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Wengi tuliharisha, na kwa wiki nzima tulitaniana juu ya safari za chooni. Yeye alishikwa na homa pia. Aliporudi kazini alikuwa akitweta kwenye ngazi ya kreni, nasi tukampa jina la Papa Pole-Pole. Thierry wa ghala akamwambia, "Papa, ile njo buzee!" Tukacheka, tukidhani ni uzee kweli. Mchana mmoja akiwa katikati ya ngazi alishika kifua, akashindwa kupanda wala kushuka. Tulimteremsha kwa kamba, yeye aliyeteremsha mizigo ya mji huu maisha yake yote.

Daktari alitueleza kwamba bakteria wa kuku wale walianzia tumboni, kisha ugonjwa ukafika kwenye misuli ya moyo, ikavimba. Nani kati yetu alijua kwamba tumbo la kuhara linaweza kufika huko? Kwetu tumbo ni la kuchekwa. Amepata nafuu, lakini moyo umebaki dhaifu na hawezi tena kupanda kreni. Daktari alipomuuliza ni nani aliyempa chakula kile, alijibu, "Miye njo nilikula. Hakuna mutu alinifungua kinywa." Mama Francine alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, akatoka nje kulia.

Majuto ni mjukuu, nasi tumempakata. Kwa aibu, kamati iliamua kwamba Jumamosi hii tutamuaga kwa hotuba na soda za chupa tu. Habari ikamfikia nyumbani. Siku ya pili mkewe, Mama Rebecca, akaja mwenyewe gatini kutupa jibu lao. "Batu habaagani na njaa," alisema. "Nitapika mimi, samaki na bukari. Na mutakula ingali moto. Direktere akichelewa, atakuta mifupa."

Jumamosi tutakula samaki na ugali huo kwa mkono wa mama tuliyekaribia kumfanya mjane.

Asante, Papa Célestin, kwa miaka yote ya kreni, na kwa kutotutaja mbele ya daktari. Tunakuombea siku nyingi, na pumzi ya kuzitumia.