Yasinta Njiku na Alama Mbili za Mzee Simeoni

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Yasinta Njiku anastaafu baada ya kukitumikia chama chetu cha ushirika cha wafugaji nyuki, hapa Manyoni, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa mwaka 1994 kama mpiga chapa, akajifunza kompyuta kwa kuwasumbua mafundi waliokuja kuitengeneza, na leo anaondoka akiwa mkuu wa TEHAMA. Sisi vijana wake alitufundisha kwanza kwamba kuingia ofisini kwake bila shikamoo ni sawa na kutoingia.

Lakini anayetaka kumjua vizuri aulize habari za Dodoma, mwaka 2017. Bodi ilikuwa karibu kununua mfumo wa kompyuta usiompokea mfugaji asiye na simu. Yasinta alichukia kwelikweli, maana wazee wetu wengi wa Itigi hawana simu. Wana alama: kila mmoja huchonga yake kwenye mizinga, na asali hujulikana kwa hiyo. Akatengeneza mfumo wa majaribio unaomtambua mfugaji kwa alama. Bodi ikampa nafasi moja tu: auoneshe kwenye kongamano la mifumo ya kompyuta za mashirika, nao wawepo ukumbini waamue.

Mimi ndiye niliyemshauri aweke majina ya kubuni na kurekodi video mapema, kama washiriki wengine, ili mambo yaende laini. Alinikata jicho. Akachukua taarifa halisi za Mzee Simeoni wa Itigi.

Basi, mbele ya watu mia tatu, akaingiza alama ya mzee. Ikakubali. Akaingiza ya pili, mfumo ukagoma: maandishi mekundu ukuta mzima kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na alama mbili. Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Kaka yake mzee alikuwa amefariki, naye akarithi mizinga yenye alama ya marehemu, ambayo kwetu haifutwi. Jambo hilo tunalijua tangu utotoni, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kuliingiza kwenye mfumo.

Yasinta hakuzima projekta. Alitamka waziwazi kwamba mzee yuko sahihi na mfumo wake umekosea, akaeleza habari ya alama za marehemu, kisha akaketi kwenye ngazi za jukwaa, kompyuta mapajani, akaurekebisha watu wakimtazama. Ilimchukua dakika kumi na moja. Alama zote mbili zilipokubaliwa, ukumbi ulilipuka kwa makofi, na mwenyekiti wa bodi, Mzee Isaka, alikuwa wa kwanza kusimama. Ule mfumo mwingine haukununuliwa.

Tusimpambe kupita kiasi. Ni mbishi, tena anavyobonyeza kibodi utadhani anatwanga mtama. Nne zimekufa mikononi mwake, na hajakiri hata moja.

Wiki iliyopita Bibi Rebeka, mjane asiye na simu, alileta asali yenye alama tatu: yake, ya mumewe na ya mkwewe. Ikapimwa, akapewa stakabadhi, akaenda zake. Yasinta alikuwa chumba cha pili akinywa chai, na hakuna aliyehitaji kumwita. Alipoambiwa baadaye, alilia, nasi tukalia naye.

Asante sana, mama yetu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na asali isiyokauka. Nenda kapumzike, wazee wako tutawapokea.

Hosea Mkumbo,
Idara ya TEHAMA