Ekeno Lomuria na Intaneti ya "Bila Kikomo"

Miaka thelathini na moja ndiyo aliyoitumikia studio yetu ya kurekodi kwaya hapa Lodwar Bwana Ekeno Lomuria, mtunzaji wa maktaba ya nyimbo, ambaye anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, lakini nina hasira, na yeye mwenyewe anajua kwa nini.

Aliajiriwa mwaka 1994 kubeba nyaya. Mwaka uliofuata alikuwa akirekodi mwenyewe: wazee wa Kataboi wakiwaimbia mafahali wao, kwaya za Wasudani na Wakongo kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuwa na ukaidi mmoja. Hakukubali kukata wimbo hata sekunde moja, wala kuubana ili faili iwe ndogo. Alisema sauti ya mtu haikunjwi kama shuka. Tulimcheka, na mafaili yake yakajaza kompyuta zote za ofisi.

Mwaka juzi chumba cha maktaba kiligeuzwa ukumbi wa mikutano. Kanda zikatolewa nje, juani, tena jua la Lodwar! Ekeno alizibeba hadi kwake Nawoitorong, akaziingiza zote kwenye kompyuta, akalipia intaneti ya nyumbani iliyotangazwa kuwa ya bila kikomo, ili mwenye simu popote asikilize. Hakuna mkubwa aliyemshukuru. Naliandika hili kwenye programu ya sherehe ili walisome wakiwa wamekaa mbele.

Wa kwanza kuomba wimbo alikuwa Ayak, muuza chai wa Kakuma, ambaye marehemu mama yake aliongoza moja ya kwaya alizorekodi Ekeno. Hana picha ya mama. Ana wimbo huo tu. Alinunua bando, wimbo ukaanza, bando likaisha. Akanunua jingine. Safari hii iliyokwama ni intaneti ya Ekeno, maana kampuni huipunguza kasi ukishatumia kiasi fulani. Ayak alimpigia Ekeno simu akilia: "Mzee, mama anaimba kidogo tu halafu inakatika."

Kweli, faili ilikuwa kubwa mno, na nilimwambia Ekeno kosa lake waziwazi. Lakini aliyemwahidi bila kikomo ni nani? Alikwenda kwenye duka la kampuni na kamusi ya Kiswahili kwapani, akaifungua penye neno "kikomo", akaiweka kwenye kaunta. Mhudumu alimweleza kwa upole kwamba bila kikomo ina kikomo chake, kinaitwa matumizi ya haki. Haki ya nani? Ekeno alifunga kamusi, akaaga vizuri. Mimi ningeirusha.

Jumanne iliyopita, badala ya kuja kwenye matayarisho ya sherehe hii, mzee wa miaka sitini alisafiri kilomita mia na ishirini hadi Kakuma, kadi ya memori mfukoni. Baudouin, Mkongo anayechaji simu za watu sokoni, alimpokea: "Leta tu, mzee, mie nitawawekea wote kwenye simu, bure." Ayak alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Sasa nasikia kamati ya zawadi imemnunulia kifurushi cha intaneti. Bila kikomo! Tena anahamia Kataboi, karibu na Ziwa Turkana, ambako mtandao wenyewe ni wa kubahatisha. Kirudisheni, mfungue tena chumba cha maktaba. Kompyuta yake yenye nyimbo iko chini ya dawati langu tangu jana, imechomekwa kwenye intaneti ya ofisi, na atakayeichomoa atanikuta hapo.

Mzee Ekeno, asante kwa kila safari na kila kanda. Nenda ukapumzike, ule samaki wa ziwani, Mungu akupe afya na miaka mingi. Ayak alinipigia Jumatano. Ameusikia wimbo wote, kwa mara ya kwanza. Anasema mwishoni kabisa, kwaya ikishanyamaza, mama yake anacheka, kisha anamwita mtoto aje abebwe. Anamwita Ayak.