Dawa ya Kukaangia Mayai

"Vidonge vya mafuta ya samaki vinanikwama kooni, mama," fundi rangi mmoja mzee alimwambia mshonaji aliyekaa naye kwenye basi la kwenda hospitali. "Kwa hiyo navitoboa kwa sindano, nakaangia mayai."

Mshonaji aligeuka mzimamzima. "Unakaangia? Mzee wangu, mwili ndio unaoyavunjavunja hayo mafuta, ukapata vitu vya kulegeza mishipa na kutuliza uvimbe. Wewe unayaunguza kabla hayajafika!"

"Yatafika tu. Kwani yana pengine pa kwenda?"

"Na harufu?"

"Paka wa jirani amehamia kwangu."

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilikohoa ili nisicheke. Wanangu dawa walizificha chini ya godoro, lakini hakuna aliyewahi kuzipika.

"Leo daktari akikuta moyo wangu bado mgonjwa vilevile, sipandi tena ngazi," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Na bila ngazi mimi si fundi."

"Basi mwambie ukweli."

"Daktari nitamwambia. Shida ni binti yangu, ndiye anayenunua vidonge."

Basi likasimama hospitalini. Binti yake alikuwa anamsubiri nje, kwenye mlango wa basi. "Baba, vidonge umevimeza?"

Mzee alimtupia mshonaji jicho, akashuka taratibu. "Nimevila vyote, mwanangu."