Wakili Mbona na Msusi Aliyekatazwa Kusema

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefanya kazi ambayo watu hawaipendi mpaka siku inapowafika wao. Alikuwa wakili. Alitetea watu walioshtakiwa kwa dawa za kulevya. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: alitetea walioshtakiwa kwa dawa za kulevya, na wiki hii tumemzika.

Mahakamani walimwita Wakili Mbona. Kila shahidi alikuwa na mbona yake. "Mbona bahasha haina sahihi? Mbona juzi mfuko ulikuwa mweusi, leo umekuwa wa bluu?" Askari mmoja mstaafu ameniambia kwamba akisikia mama huyo yumo kwenye kesi, alikuwa akianza kukariri maelezo yake tangu chai ya asubuhi.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu, alinipokea sebuleni akiwa amejiinamia. "Tulimwonea haya," akasema. "Watu wakiuliza dada yako anafanya kazi gani, nilijibu kesi za mashamba. Kwenye harusi ya mwanangu nilimketisha nyuma kabisa, wakwe wasije wakaniuliza. Naye alijua. Alikula, akanishukuru, akaenda zake." Mzee akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Lakini aibu iliyomkaa wakili wetu moyoni haikutoka kwa kaka yake. Ilitoka kwa msusi.

Msusi huyu alikuwa na saluni ndogo, kiti kimoja na kioo chenye ufa. Siku moja polisi wakaingia, wakakuta mfuko nyuma ya ndoo ya maji. Ndani kulikuwa na unga, na si ule wa kupika. Msusi akakamatwa. Ndugu zake wakamkimbilia Wakili Mbona.

Sasa wakili alikuwa na desturi yake. Mteja akikaa tu, hata hajapata pumzi, anaambiwa: "Usiniambie kama mzigo ni wako. Sitaki kujua." Sababu ipo. Mteja akishakiri mbele ya wakili wake, wakili hawezi tena kumsimamisha mahakamani aseme kinyume. Kwa hiyo wakili anaziba masikio mapema.

Msusi alijaribu. "Mama, siku ile kulikuwa na mteja mmoja..."

"Usiniambie," wakili akamkata. "Wewe nyamaza, kesi niachie mimi."

Msusi akanyamaza. Nani angebishana na Wakili Mbona?

Kesi ikasikilizwa. Wakili akapigania muhuri wa bahasha iliyobeba unga kwenda kwa mkemia kupimwa. Alipigana kweli, jasho likamtoka. Hakimu akasema muhuri hauna tatizo. Msusi akafungwa miaka mingi. Alikuwa na mtoto ananyonya.

Wakili akaenda gerezani kupanga rufaa. Hapo ndipo msusi alipofungua kinywa. "Yule mteja ndiye aliyekuja na mfuko. Nilikuwa nimemsuka nusu ya kichwa. Akaliona gari la polisi, akasema anatoka kununua soda. Hakurudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona ulinikataza?"

Akina mama mnaonisikiliza, mnanielewa. Mwanamke gani anaingia barabarani upande mmoja umesukwa, upande mwingine timutimu, asijali? Labda nyumba yake inaungua. Habari hiyo ndiyo ingekuwa kesi yenyewe. Na wakili ndiye aliyeizuia isisemwe.

Binti yake anaikumbuka jioni ile. "Mama aliingia jikoni na viatu vyake, akakaa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, 'Mwanangu, nimemfungisha mtu asiye na hatia. Alitaka kuniambia, nikamnyamazisha.' Hakuweza kuniangalia usoni."

Majuto ni mjukuu. Lakini mama huyu hakukaa kuyabembeleza. Alikwenda mtaani kwenye saluni, akauliza mlango kwa mlango. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akamwambia, "Nitamsahau vipi yule? Nilimcheka! Nikamwambia, dada, msusi wako kazimia au? Hata hakunitazama. Alikuwa anatimua mbio."

Shahidi akapatikana. Sasa mahakama ya rufaa itauliza: kwa nini haya hayakusemwa mwanzoni? Mawakili wenzake wakamshauri, sema mteja alikuficha. Ni rahisi, na jina lako litabaki safi. Akakataa. Akamwachia wakili mwingine rufaa, yeye akapanda kizimbani kama shahidi.

"Alitaka kusema, nikamkataza. Alinitii. Kosa ni langu."

Jaji akamuuliza, "Unajua kwamba maneno haya yatakufuata?"

"Najua, Mheshimiwa. Naona haya hata kusimama hapa. Lakini kifungo anakitumikia yeye."

Yalimfuata kweli. Wateja wakampungukia. Kwenye ngazi za mahakama watu walikuwa wakinong'ona akipita. Ila msusi aliachiwa huru. Nasema tena: msusi aliachiwa huru. Wakili alikuwepo getini. Alimwona mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea, akimkimbia mama yake na kujificha nyuma ya bibi yake.

Nilimtembelea msusi juzi. Aliongea mikono ikiwa kazini, kichwani mwa mtu. "Watu wanadhani nilimsamehe," akaniambia. "Siku moja alikuja hapa, akakaa kwenye kiti hiki, hakusema neno. Nikamsuka. Akawa anakuja kila mwezi. Mimi nikawa namwambia yote, jela, mwanangu aliyeniita shangazi. Yeye anasikiliza, machozi yanadondoka, hanikatizi. Miaka ikapita, hasira ikaisha yenyewe. Neno la kumsamehe nilikuwa nalo tayari mdomoni. Kila akiinuka najisemea, nitamwambia akija tena. Safari hii hakuna aliyenikataza kusema. Nilinyamaza mwenyewe, na yeye amekufa hajui."

Akaomba tuzime kinasa sauti. Tukakizima.

Kwa binti wa marehemu, kwa kaka yake, na kwa ndugu wote, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu anaona haya mbele yako, na wewe ulishamsamehe zamani. Je, umemwambia?