Nilivyofunguliwa Kilio Katika Baa ya Hewani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wewe uliyekaa vizuri kwenye kiti unasoma, na asifiwe na wewe unayesoma umesimama unasubiri maharage yachemke. Mimi ni mama wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, Mkwere wa kuzaliwa, niliokoka nikiwa tayari na wajukuu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta maneno yangu yamekwenda kulia yakarudi kushoto mnivumilie, yatafika. Nataka kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa mautini, na mahali aliponitolea ni baa. Msishtuke. Nimesema baa, na nitaeleza.

Nilikuwa na mume, Mzee Anzelmi. Sikuolewa naye kwa mapenzi. Niliolewa kwa sababu baba yake na baba yangu walipakana mashamba na walikuwa wamechoka kugombania mpaka. Mapenzi yalikuja baadaye kama nanasi, unapanda, unasahau, halafu siku moja unapita unasikia harufu. Alikuwa mtu wa maneno machache na chumvi nyingi. Ukimpikia anaonja, anaweka kijiko chini polepole, anauliza, "Chumvi imesafiri?" Maisha yote swali ni hilo. Nilikuwa naudhika mpaka naondoka na sufuria.

Alikufa wakati ule wa ugonjwa wa kukohoa, watu walipokuwa wanasalimiana kwa viwiko. Mwenyewe hakufa kwa ugonjwa huo. Alikaa kwenye kivuli cha mkorosho avue kiatu, hakuinuka tena, wakasema ni moyo. Lakini watu walikuwa wanaogopana, ndugu zangu. Alizikwa upesi, waombolezaji wachache, kila mmoja kasimama mbali na mwenzake kama miche. Hakuna aliyelala msibani. Na watani hawakuja.

Hapo kwenye watani nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Huku kwetu Mkwere akifa, Mnyamwezi anakuja, au Mzigua, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamtukana kwamba alikuwa mvivu na mchoyo. Pengine anaingia kaburini analala, anasema hatoki mpaka apewe kitu. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Mgeni akiona atadhani tumerukwa na akili. Lakini ndivyo msiba unavyofungwa, na usipofungwa unabaki wazi kama mlango usiku, kila kitu kinaingia.

Mimi sikulia. Sikulia kaburini, sikulia baadaye. Kina mama wakasema nimejikaza, imani yangu ni kubwa. Ndugu zangu, ile haikuwa imani! Nilikuwa nimekauka. Kanisani nafungua mdomo pamoja na wimbo, kinachotoka ni hewa. Nilipalilia, nilivuna, niliuza, na mikono naitazama kama ya mtu mwingine. Halafu nikaacha dawa za presha. Hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi nakitazama kikopo, naona hakinihusu, nakwenda zangu shamba. Nilikuwa namfuata mzee taratibu, bila kelele, ili mtu asije kusema nimejiua. Shetani ana akili, msimdharau.

Binti yangu Neema anaishi Kerege, anafundisha watoto wadogo. Aliona nimekonda, nikamdanganya ni jua. Akaninunulia simu ya kutelezesha kidole, akaniingiza kwenye kundi la wanawake wanaotumiana sauti humo simuni, anamfahamu mwenye kundi kwa sababu hununua vitumbua vyake. Jina la kundi, Baa ya Hewani. Nikamwambia mimi nimeokoka. Neema akacheka, akasema, "Mama, humo hakuna pombe. Hakuna hata baa." Yeye mwenyewe hakuwemo, alisema ni ya watu wazima.

Mwenye baa anaitwa Mama Zuhura, wa Bagamoyo mjini, Mwislamu safi, hajawahi kuonja hata togwa iliyolala. Siku moja alimaliza kukaanga vitumbua, miguu inamuuma, akasema kwa mzaha, "Leo nafungua baa, nani anakuja?" Wakaja. Basi ikawa desturi. Kila jioni, baada ya alasiri na kabla watu hawajakoka moto wa chakula cha usiku, anatuma sauti yake. Nimefuta meza, anasema. Nimemwagia mchanga maji ili vumbi litulie. Karibuni.

Na wanawake wanaingia, kila mmoja anasema anakaa wapi na anakunywa nini. Sheria ni moja, usiagize kitu ambacho unacho nyumbani. Mmoja aliagiza chai ya karafuu aliyokuwa akipikiwa na bibi yake marehemu, Mama Zuhura akamletea kwenye kikombe kile kile chenye ufa. Mwingine aliagiza glasi ya kivuli. Maji yakijaa, bahari inapita chini ya meza mpaka kwenye vifundo vya miguu na hakuna anayeinua viatu. Kuna paka wa baa, kila mtu anamwona rangi yake, mimi namwona wa kijivu. Mazungumzo yenyewe ni ya kawaida tu, mawifi, bei ya mafuta ya kula, mtoto aliyemeza kifungo, ndoto ya fulani ameota anafua mawingu. Yanapita mbele yako polepole kama moshi wa udi.

Siku ya kwanza sikuelewa. Nilioga, nikavaa kitenge kipya, nikatoa kiti uani, nikaweka kikombe, simu nikaiegemeza kwenye kinu. Nilidhani wananiona. Nikakaa wima kama napigwa picha. Jirani akapita akauliza nasubiri wageni gani, nikamjibu niko baa. Habari ilifika kanisani kabla yangu. Kina mama wa maombi walikuja wawili, wakanisalimia karibu karibu, kumbe wananinusa! Wakakuta nanuka mananasi, wakaondoka bila kusema neno.

Muda mrefu nilisikiliza tu. Mama Zuhura alikuwa akinitangaza kwa wenzake: "Bibi wa Kiwangwa yupo kwenye kona yake. Shikamoo Bibi." Marahaba niliitikia moyoni, koo halikutaka. Lakini kikaanza kitu cha ajabu. Nikiwa napalilia, jua la utosini, nasikia harufu ya mchanga uliomwagiwa maji. Nageuka, hakuna mchanga, hakuna maji, ni mananasi tu na miiba yake. Nikawa nangoja jioni.

Sasa niwaletee Mama Kulwa. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Ubena, anachoma mahindi kando ya barabara kuu, na katika sauti zake unasikia malori yanapita kama ng'ombe wakubwa wanaopumua. Alipojua mimi kabila gani, akaanza papo hapo.

"Kumbe humu tunakaa na Mkwere? Mama Zuhura, hesabu vikombe. Babu zangu wamebeba mizigo kwa miguu kutoka kwetu mpaka pwani, wakamkuta Mkwere amelala, akafungua jicho moja akauliza, mmeniletea nini?"

Watu wakacheka. Na mimi, sijui kidole kilitoka wapi, kikabonyeza, nikasema, "Tuliwaambia mtue mizigo. Tukasahau kuwaambia muondoke."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza mle baa. Mama Kulwa alifurahi mpaka akaunguza hindi la mteja.

Basi ikafika jioni moja, mazungumzo yakaangukia magonjwa. Mama Zuhura analalamikia miguu, mwingine mgongo, wanapeana dawa za majani, mara maji ya vuguvugu, mara mafuta ya nazi. Na mimi nikasema, kama mtu anavyosema jua limezama, kwamba mimi dawa za presha nimeacha. Namfuata mzee wangu, nimemkawiza.

Baa ikanyamaza. Mtasema baa ya simuni inanyamazaje. Ndugu zangu, ilinyamaza. Hata paka alisimama.

Kisha akaja Mama Kulwa, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mzee wako alizikwa na watani?"

Nikamweleza zile siku zilivyokuwa. Kwamba hapana.

"Basi hajazikwa. Sasa unamfuata wapi?"

Akamwambia Mama Zuhura asogeze meza, leo pana msiba. Na Mama Zuhura kule kwake Bagamoyo akaburuta benchi lake la kukaangia, tukalisikia linakwaruza sakafu. Mama Kulwa akasema, "Nipe nguo zake. Mtani hajivalii, anavalishwa na mfiwa."

Sikutaka. Tangu azikwe nilikuwa sijasimulia habari za mzee hata kwa Neema, na nguo zake zilikuwa kwenye gunia, nimefunga mdomo wa gunia. Yule mwanamke alingoja. Lori likapita, likapita jingine. Nikaanza. Nikampa kofia ya ukindu, panya ameila upande mmoja. Akasema, nimevaa. Nikampa koti la mvua. Akasema limembana kifuani, huyu mwanamume alikuwa mwembamba hivi, ulikuwa humlishi? Nikampa makatambuga yake ya tairi, la kushoto limefungwa kwa waya. Akauliza anatembeaje. Nikasema anatanguliza bega la kulia, kama anasukuma mlango. Akauliza akiingia ndani anasema nini. Nikamwambia habari ya chumvi.

Wanawake wote wanangoja pembeni mwa meza. Halafu simu ikaleta sauti nzito ya kiume, ya Kinyamwezi kabisa, haifanani na mzee hata kidogo:

"Mama Neema. Chumvi imesafiri?"

Nilicheka mpaka kiti kikapinduka. Nilicheka nikiwa chini, nimekumbatia kinu, na kile kicheko kikafika mahali kikakunja kona, kikawa kilio. Kililia, ndugu zangu! Mimi nilikuwa nakisikia kama cha mtu mwingine, kinatoka chini, kinapanda na miaka yote ya yule mzee, mpaka wa mashamba, kijiko chake, kiatu ambacho hakumaliza kuvua. Jirani akaja mbio akakuta nalia na simu inalia, maana mle ndani wote walikuwa wanalia kama matanga yenyewe, na Mama Zuhura anasema inna lillahi juu ya mzee wa Kikristo ambaye hajawahi kumwona. Jirani hakuuliza. Akakaa chini kando yangu, akaanza na yeye.

Nikadhani yamekwisha. Mama Kulwa akasema yeye sasa yumo kaburini, amelala, pana ubaridi mzuri, hatoki wala hafukiwi mtu mpaka alipwe. Nikamwambia nina mananasi. Akasema mananasi ya Wakwere makali kama midomo yao.

"Nataka kidonge. Kimeze nikisikia."

Nikakataa. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote, kwa maana kulia nimelia, lakini kubaki duniani sikuwa nimekubali. Nikamwambia aombe kingine. Akajibu kwamba hana haraka, mahindi leo yameisha. Jua linapungua. Nikawaona wote wamesimama pale mchangani, wameshika majembe, maji yanakuja vifundoni, na yule mwanamke amelala mle na kofia ya mume wangu. Moyoni nikasema, Bwana, mimi kufa naweza, lakini siwezi kumwacha Mnyamwezi amelala katika kaburi la Anzelmi.

Nikaingia ndani. Nikakifuta vumbi kikopo. Nikasogeza simu kooni, nikameza na maji, likasikika lile funda la maji likishuka.

"Nimesikia," akasema. "Fukieni."

Na wanawake mmoja mmoja wakatupia mchanga, kila mmoja akitaja jina lake. Mimi nikachota wa uani kwangu nikautupa. Jirani akatupa. Mzee Anzelmi akazikwa.

Kesho yake nikampigia Neema, akaja akanipeleka zahanati. Mganga alipima, akapima tena, akanigombeza vizuri, akasema asingeshangaa kama ningeanguka barabarani, akanipangia dawa upya. Na Jumapili wimbo ulipoanza, nikafungua mdomo, sauti ikatoka. Ilitoka na kutu, jirani yangu wa benchi aligeuka. Lakini ilitoka, haleluya!

Wapo wanaosema ushuhuda huu unatia aibu, baa, utani, mwanamke wa Kiislamu, mwanamke wa mahindi. Mimi sibishani. Nawaambia tu kwamba Bwana alikuwemo. Namkumbuka kama mnavyokumbuka mtu aliyekaa karibu na mlango, hakuagiza kitu, na hakuondoka mpaka wa mwisho ameondoka.

Namshukuru Mungu, namshukuru Neema, Mama Zuhura na jirani yangu. Na wewe ndugu yangu, kama una mtu wako aliyezikwa haraka na tangu siku hiyo unatembea umekauka, watu wanakusifu kwa kujikaza, nakuomba usijikaze. Mtumaini Bwana. Mwambie mtu mmoja jinsi marehemu wako alivyokuwa akitembea. Anza na kofia.

Mama Kulwa sijaonana naye bado. Lakini anasema mtani halipwi mara moja, na kila asubuhi kabla hajawasha moto wa mahindi anangoja sauti ya koo langu. Leo pia nimemeza, nikamtumia. Amenijibu neno moja tu, "Mkwere." Nikasema amina.