Bahasha ya Mbegu za Ndago

Leo kwenye basi la kutoka Mombo nilikaa nyuma ya mama mmoja aliyeshika bahasha kama ameshika yai. Mzee wa pembeni yake, alipoitikia shikamoo yake, akamuuliza amebeba nini.

"Mbegu za ndago, baba. Zimetoka kwenye jaruba langu la mpunga."

"Sisi tunang'oa, wewe unafuga?"

"Dawa ya magugu haiziui tena. Majirani wanasema naizidishia maji. Nikaongeza dawa, mpunga ukawa njano, ndago zikabaki. Sasa bibi shamba wa Lushoto atazipanda kwenye makopo, azipulizie kwa vipimo, tujue kama zimeizoea dawa. Namshukuru sana. Ndiye wa kwanza kuja shambani bila kuniita mzembe."

"Ungepalilia kwa mkono tu, mwanangu."

"Utaniazima mgongo wako?"

Nikacheka ndani ya sweta. Kwenye kona za Soni basi likayumba, bahasha ikamwagika. Mzee, huku bado anabisha kwamba hakuna gugu lililowahi kuzoea jembe, akainama, akalowesha kidole na kuziokota. Na mimi nikaokota, nikampa mama.

"Asanteni, Mungu awabariki."

"Usinishukuru," mzee akasema. "Naogopa zisije zikaota huku kwetu."

Basi likasimama Lushoto, mama akashuka na bahasha yake. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia asante. Mama yangu naye ana jaruba Mombo, naye anaitwa mzembe kwa ndago hizo hizo. Ila nikaona aibu kusema.